Nilivyovaa jezi ya timu ya besiboli ya kulipwa hapa Joburg msimu mzima bila kukanyaga uwanja

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wenye vikombe vya chai sogeeni karibu.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya, mkongwe wa kupita, kucheka na kuondoka. Ila hili la msimu uliopita limenikaa kooni, na mke wangu amechoka kulisikia, kwa hiyo nimewaletea nyie. Ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe, nimeyashuhudia kwa macho yangu na kwa magoti yangu.

Hasa magoti.

Na wale wa "picha iko wapi", tulieni. Picha ipo. Iko kwenye simu ya Mwanahawa, mke wangu, na amekataa kunitumia kwa sababu ndiyo silaha yake kila tukigombana.

Kwa ufupi, mimi naitwa Bakari, mtu wa Tanga. Ni fundi makochi, karakana yangu iko Jeppestown, na naishi Troyeville. Nilifika Joburg nikiwa kijana mwembamba. Wembamba uliisha, Joburg bado.

Nyumba tunayopanga ina chumba cha uani, na humo anakaa Mrundi mmoja anaitwa Déo. Kijana wa Bujumbura, mlokole, mpole, mrefu kama nguzo ya umeme, na kila kitu anafanya kwa mkono wa kushoto. Kazi yake ilikuwa car guard, hawa jamaa wa kizibao cha kung'aa wanaokuonyesha pa kuegesha gari halafu wanakulindia, nje ya uwanja mmoja upande wa mashariki ya jiji.

Uwanja wenyewe si wa mpira wetu. Ni wa besiboli.

Najua mnachotaka kuuliza. Hata mimi niliuliza. Kumbe hapa Sauzi mchezo huu upo kitambo na una wenyewe. Msimu uliopita matajiri fulani wakaamua kujaribu ligi ya kulipwa, timu chache tu, moja ikiwa ya hapa Joburg.

Kwa asiyejua kabisa: mrushaji anasimama katikati kwenye kilima kidogo, anarusha mpira mdogo mgumu kama jiwe. Mpigaji anamsubiri na rungu. Nyuma ya mpigaji kuna mdakaji amechuchumaa. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Akiupiga ukavuka uzio, anazunguka vituo vyote kwa raha zake mpaka arudi alipoanzia, na timu yake inapata pointi.

Hiyo ndiyo elimu yote mnayohitaji. Mimi nilimaliza msimu nikiwa na hiyo hiyo, nimeongeza kidogo tu.

Sasa, mipira mingine ikipigwa vibaya inatoka nje ya uwanja na kuangukia kwenye magari. Déo alikuwa anaiokota na kuirudisha ndani kwa kuirusha juu ya uzio. Siku moja akarusha mmoja kwa nguvu kidogo, kwa sababu alikuwa amechukia, ulikuwa umepasua kioo cha gari analolilinda. Ule mpira ulivuka uzio, ukavuka vichwa vya wachezaji wote, ukaenda kugonga ukuta wa upande wa pili.

Wachezaji wakasimama. Kocha akatoka nje kutafuta nani karusha.

Déo alivyomuona akajua kazi imeisha, akaanza kuomba msamaha kwa Kifaransa.

Kocha mwenyewe ni mzee wa Eldorado Park, wote wanamwita Uncle Vernon, ana sauti kama mashine ya kukata vyuma. Akamwambia, "Rusha tena."

Akarusha. Wa pili ukaenda kwenye miti.

"Eish," Uncle Vernon akasema, "mkono unao, kijana. Anwani ndiyo huna."

Lakini alimchukua, na sababu ni ule ule mkono wa kushoto. Inasemekana mpigaji anayepiga kwa kushoto anapata tabu sana na mrushaji wa kushoto, na timu haikuwa naye hata mmoja. Kwa hiyo kazi ya Déo ingekuwa ndogo tu: akija mpigaji hatari wa kushoto, aingie, amrushie huyo mmoja, atoke akakae.

Mimi niliingiaje?

Jioni moja Déo akaja karakana na mpira mfukoni. "Kaka Bakari, niko natafuta mtu wa kunidakia. Mazoezi ya timu hayanitoshi."

Glavu sikuwa nayo. Nilikuwa na mto wa sofa.

Wakuu, mto wa sofa ukiwa na sponji nzuri unaweza kudaka mpira, msinicheke. Tatizo ni kwamba mpira unatakiwa uje ulipo mto. Wa kwanza ulipita mbali ukagonga bati la jirani yangu, fundi wa kuchomelea, Mzulu mmoja mkali, akatoka na nyundo. Nikamwonyesha mto. Akaniangalia, akamwangalia Déo, akarudi ndani na nyundo yake. Nadhani alituhurumia.

Tukahamia uani nyumbani. Kila jioni, mpaka giza linaingia, mimi nimechuchumaa kama mtu anayechambua mchele, Déo anarusha.

Na mimi mdomo wangu haunyamazi, ni ugonjwa wa kwetu. Huku nadaka huku naongea: "Lete hapa mwanangu, hapa hapa, usiniletee kule kwa jirani, mimi niko hapa, mkeo atakupenda ukiniletea hapa." Mke hana, lakini maneno ni maneno.

Taratibu mipira ikaanza kuja. Nikagundua jambo: Déo alikuwa anarusha kule sauti inakotokea. Kule kwenye timu mdakaji wao alikuwa hasemi, anaonyesha vidole tu, na Déo anarusha kwenye miti. Nikinyamaza hata mimi, miti.

Uncle Vernon akamuuliza Déo nyumbani anafanya mazoezi na nani. Wiki iliyofuata nikaitwa.

Mpango ulikuwa hivi: Déo kabla ya kuingia uwanjani anapashwa moto pembeni, kwenye sehemu yake maalumu nyuma ya uzio mdogo. Mimi ndiye nitakayemdakia hapo, nikimjaza maneno ya Kiswahili, akishaiva anaingia. Na kanuni inasema anayekaa hapo lazima avae jezi kamili kama mchezaji.

Jezi kamili, wakuu. Suruali nyeupe ya kubana, soksi mpaka magotini, mkanda, kofia.

Niliivaa nikatoka sebuleni. Mwanahawa alikuwa anasuka mkeka. Aliniangalia kuanzia kofia akashuka mpaka kwenye tumbo, akasimama hapo muda.

"Bakari," akasema, "umelazwa hospitali gani?"

Ndipo ilipopigwa ile picha.

Basi msimu ukaanza. Mechi zilikuwa Jumamosi na Jumapili mchana. Nikawa nafunga karakana mapema, wateja wanapiga simu kuulizia makochi yao, nawajibu niko kazini kwenye besiboli. Walikuwa wanacheka wakidhani natania, kisha wanakata.

Timu ikawa inashinda. Sitawadanganya kwamba ni kwa ajili ya Déo, wengine walikuwa wanacheza kweli kweli. Ila kila alipokuja mpigaji hatari wa kushoto, Uncle Vernon aliinua mkono wake kuelekea kwetu, nami nampiga Déo mgongoni, "Nenda, mtu wangu," na mara nyingi yule mpigaji alirudi kukaa.

Habari zikaenea. Warundi wa kanisa lake la mtaa wa Berea wakaanza kuja na mchungaji wao. Watanzania nao wakaja, wa Dar, wa Tanga, hata Wazanzibari wawili ambao walikuja kwa kejeli na wakabaki. Wakapata jukwaa lao upande wa kushoto. Hakuna aliyejua kanuni, ila hakuna aliyenyamaza. Walishangilia mpira ukipigwa, walishangilia ukikosewa, walimshangilia mwamuzi akisafisha vumbi.

Uncle Vernon akaniuliza siku moja, "Mbona watu wako wanapiga makofi mchezaji wetu akitolewa?"

Nikamwambia ni heshima. Kwetu mtu akiondoka unamuaga.

Déo alibadilika katika miezi ile. Alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa, sasa akawa anatembea wima. Jioni moja tunakunywa chai uani akaniambia, "Kaka Bakari, unajua pale parking nilikaa muda gani? Wote waliniita 'my friend'. Uncle Vernon ndiye mtu wa kwanza wa hapa aliyeniuliza jina."

Nikamwongezea sukari.

Kisha wakaja Durban.

Timu ya Durban ilikuwa na mpigaji anaitwa Themba, jitu la watu, anapiga kwa kushoto, na mipira yake ilikuwa inaangukia barabarani kwenye robot, yaani taa za magari. Déo akaitwa. Nilimpasha vizuri, alikuwa ameiva kabisa.

Mpira wa kwanza ulimpiga Themba mbavuni.

Nilikuwa mbali lakini niliusikia ule mlio, kama mtu anapiga godoro kwa fimbo. Themba alidondosha rungu, akapiga magoti, akalala. Wakaja na machela wakamtoa.

Déo alibaki pale kwenye kilima na mikono kichwani. Uncle Vernon ilibidi aende kumshika bega ndipo atoke.

Tukasikia baadaye kwamba ubavu mmoja umepata ufa, lakini atapona. Nilimwambia Déo, akaitikia "ego," yaani ndiyo kwa Kirundi, lakini aliitikia kwa mdomo tu.

Kuanzia siku ile hakurusha tena. Namaanisha alikuwa anajaribu, lakini mkono ulikuwa unakataa. Uani ananirushia mpira unadunda chini mbele yake, au unapita juu ya nyumba. Mimi na mdomo wangu wote, naongea mpaka sauti inakauka, hakuna kitu.

"Nikiinua tu mkono," akasema, "niko namuona anaanguka. Bon, iishe. Mungu hakunileta hapa nije kuua mtu kwa mchezo."

Uncle Vernon alimvumilia. Alimpumzisha mechi, akampumzisha nyingine, wiki zikapita. Halafu akaniita mimi kando, akanieleza kwa upole kwamba wenye timu wanauliza, na mwisho wa mwezi itabidi nafasi ile apewe mtu mwingine.

Déo hakusubiri mwisho wa mwezi. Jumamosi moja nilifika uwanjani na jezi yangu, nikamkuta parking, na kile kizibao chake cha kung'aa, anaelekeza magari.

Nilikasirika, wakuu. Ila kabla sijafungua mdomo, ikaingia gari ndogo, na ndani yake kajikunja jitu.

Themba. Durban walikuwa wamekuja tena kucheza, naye alikuwa amepona kiasi cha kucheza, ndiyo kwanza anarudi.

Déo akamwelekeza kuegesha, amevuta kofia mpaka kwenye pua. Themba akashuka polepole, ameshika ubavu, akamuuliza, "Bafo, ndugu yangu, yule mrushaji wenu mrefu wa kushoto yupo?"

Déo akajibu, "Huyo hafanyi tena kazi hapa."

Themba akamwangalia. Akainama kidogo kumchungulia chini ya kofia. Akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, ile nguzo ya umeme yote, na ule mkono wa kushoto ulioshika tochi mchana kweupe.

Akaanza kucheka. Alicheka huku amejishika ubavu, analia "usinichekeshe, inauma, usinichekeshe."

Déo yeye alikuwa hacheki. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema pole kwa kila lugha aliyokuwa nayo.

Mimi ni mtu wa Pwani. Nikiona watu wawili wanalia, mmoja kwa kicheko na mwingine kwa uchungu, najua jambo moja tu la kufanya. Nikamkaribisha Themba nyumbani kula.

Akaja kesho yake baada ya mechi. Mwanahawa alipika pilau na kachumbari, na Themba alikula kiasi kwamba Mwanahawa alimpenda kuliko anavyonipenda mimi. Wakati wote Déo alikuwa anachezea wali kwenye sahani.

Themba akamwambia, "Sikia. Mimi nikisimama kupiga, huwa najisogeza ndani makusudi. Warushaji wananiogopa, wananirushia mbali, napiga ninavyotaka. Wewe ulinirushia karibu kwa sababu ndiko inakotakiwa. Ubavu wangu niliupeleka mwenyewe."

"Lakini ulianguka," Déo akasema.

"Nilianguka. Nikaamka. Nimekula pilau." Akainuka. "Twende nje, unirushie."

Déo akakataa. Mwanahawa, ambaye msimu mzima alikuwa hajaonyesha hamu yoyote ya besiboli, akatoka jikoni akampa Themba mpini wa mopu. "Rungu hatuna, mwanangu. Tumia huu."

Basi tukatoka. Themba akasimama kwenye ukuta na mopu yake, mimi nikachuchumaa nyuma yake, Déo kule mwisho wa ua, anaugeuza geuza mpira mkononi.

Wa kwanza ukaenda kwenye kamba ya nguo, ukaangusha kanga ya Mwanahawa kwenye matope.

Mwanahawa akashika kiuno. "Shemeji Déo, nisikilize vizuri. Ukimpiga mgeni, nitamuuguza. Ukinichafulia kanga nyingine, sina dawa yako."

Sijui ni kitu gani katika maneno yale. Ila Déo alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ile. Kisha akavuta pumzi, nami nikaanza, "Hapa mtu wangu, hapa hapa nilipo, leta," na mpira ukaja, mkali, karibu kabisa na mbavu za Themba.

Themba hakusogea hata kidogo. "Tena," akasema.

Akarusha tena. Na tena. Tuliendelea mpaka yale mawingu ya hapa ya jioni yakatukusanyikia, radi ikapiga, mvua ya mawe ikatufukuza ndani.

Jumamosi iliyofuata Déo alivaa jezi.

Nawapeleka moja kwa moja kwenye fainali, maana najua mnataka kulala. Joburg na Durban, hapa hapa nyumbani. Jukwaa letu lilikuwa limefurika, mchungaji yuko mbele, Wazanzibari wamekuja na ngoma.

Mpaka karibu na mwisho tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Durban wana mtu mmoja kwenye kituo, na anayekuja kupiga ni Themba. Uncle Vernon akainua mkono wa kushoto.

Déo aliniangalia. Nilikuwa na maneno mengi nimeyaandaa, yote yakapotea. Nikamwambia tu, "Nenda kamrushie rafiki yako."

Wa kwanza aliurusha ndani kabisa, karibu na ubavu ule ule. Themba akapunga rungu, akakosa.

Wakuu, mimi nilikaa chini na ile suruali yangu nyeupe nikalia. Basi, kwangu msimu ulikuwa umeisha pale, na tulikuwa tumeshinda.

Wa pili ndani tena. Akakosa tena. Moja tu imebaki.

Wa tatu ndani.

Themba aliupiga.

Ule mpira ulipaa. Ulivuka uzio, ukavuka parking, sijui uliangukia wapi, labda unaendelea mpaka sasa. Pointi mbili za Durban, ya Themba na ya yule aliyekuwa kwenye kituo. Uwanja wote ukafa ganzi.

Isipokuwa upande wa kushoto.

Jukwaa letu lililipuka! Kina mama vigelegele, Wazanzibari wanapiga ngoma, mchungaji amenyoosha mikono mbinguni. Walichokuwa wanajua ni kwamba Déo yuko pale katikati, mpira umeruka mbali kuliko wote waliowahi kuuona, na bila shaka ni kazi ya kijana wao.

Déo akageuka kuwatazama. Nilikuwa naogopa kumwangalia usoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua analia, nikasimama nimkimbilie.

Alikuwa anacheka. Amejishika magoti, anacheka, na Themba anazunguka vituo huku naye anacheka hawezi kukimbia.

Tulibakiwa na zamu moja ya kupiga. Wachezaji wetu waliingia na kutoka kama wameenda kusalimia. Ngoma haikusimama hata kidogo.

Uncle Vernon akaja kwangu, kofia mkononi. "Bakari, waambie watu wako tumefungwa."

Nikatazama jukwaa. Nikamwambia, "Uncle, nenda wewe."

Akawatazama kidogo. Akavaa kofia yake akaondoka.

Walishuka wakambeba Déo mabegani mpaka nje, wakampeleka Berea, wakaimba barabarani. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba mifuko yake ya vifaa. Kesho yake mama yake akapiga simu kutoka Bujumbura, simu iko kwenye spika, anashukuru Mungu kwa ushindi.

Déo akamwambia, "Mama, tulifungwa."

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Mchungaji alikuwepo, ameniambia alichokiona kwa macho yake."

Kwa sasa ligi haijajulikana kama itarudi, matajiri bado wanajadiliana. Déo anaendelea kurusha kwenye klabu ya kawaida, na Uncle Vernon amemtafutia kazi ya kuwafundisha watoto. Themba akija Joburg anafikia kwetu, na pilau inapikwa bila mimi kuulizwa. Magoti yangu yameanza kupona.

Funzo nililopata si kubwa, ila ni langu. Hofu ya Déo haikuwa na dawa kwangu, wala kwa kocha, na mimi nilikuwa nahangaika bure na mdomo. Dawa alikuwa nayo yule yule aliyeumia. Kama kuna mtu unamkwepa kwa sababu ulimuumiza bila kukusudia, mtafute umlishe chakula. Huenda anakutafuta pia, na kofia yako haikufichi kama unavyodhani.

La pili, mkienda kumshangilia mtu wenu, msichelewe kwa kusoma kanuni.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu amewahi kushangilia timu ikifungwa bila kujua? Na kama kuna mtu anamjua Mwanahawa, tafadhali asimwombe ile picha.

Sharp, kama tunavyoagana huku Joburg.